Anza na bakuli la ndani kabisa

Umeuliza ukikereza mabakuli kadhaa, moja ndani ya lingine, kutoka nundu moja ya mti, uanze na kubwa au dogo. Anza na dogo, ndugu yangu. Ukianza na kubwa, moyo wote wa nundu unachomoka ukiwa hauna kitako cha kushikwa tena kwenye mashine ya kukerezea.

Kata nundu ikiwa bado mbichi, mzunguko wa mashine uwe wa polepole. Hatari kubwa ni maranda. Yakiwa mabichi yanajisokota nyuma ya ncha ya kisu kilichopinda, kile kinachotenganisha bakuli na nundu, kisu kinabanwa, na nundu nzima inaweza kung'oka. Kila ukiingia sentimita moja hivi, rudi nyuma uyatoe. Sikiliza pia: mlio laini ukigeuka mngurumo, zima kwanza.

Usikate mpaka mwisho. Bakiza kikonyo chembamba, simamisha mashine, kivunje kwa kabari.

Unene wa ukuta uwe kama sehemu ya kumi ya upana. Bakuli la sentimita 30, acha 3, kwani litajikunja likikauka. Ukikuta gome limemezwa ndani ya mti, ongeza kidogo.