Maswali yenu: laivu ya miaka ya sitini, pleibeki, na kanda zilizofutwa

Makala ya mwezi uliopita kuhusu bendi za Uingereza kwenye televisheni za miaka ya sitini imeleta barua nyingi, na nyingi kati yake zinauliza jambo lilelile. Nimechambua zinazojibika. Na wewe uliyeuliza kwa mara nyingine kama Paul McCartney wa The Beatles alifariki 1966 akapachikwa mtu mwingine: hapana. Tuendelee.

Shikamoo mzee. Kwa nini zamani wasanii walikuwa wakienda televisheni wanaimba laivu, na hawa wetu wa leo ni pleibeki tupu, hata waya wa gitaa haujachomekwa? (Msomaji, Mombasa)

Marahaba. Hasira yako juu ya hawa wa leo tuko pamoja. Hiyo zamani ndiyo umeipamba mno.

Chukua Thank Your Lucky Stars ya ITV (nasema ITV ya Uingereza, si ile ya Mikocheni). Kilianza 1961, na kilikuwa kipindi cha pleibeki. The Beatles wenyewe walipita pale, wakafungua na kufunga midomo juu ya santuri yao. Top of the Pops ya BBC ilipozinduliwa tarehe 1 Januari 1964, ndani ya kanisa la zamani huko Manchester lililogeuzwa studio, mtindo ulikuwa huohuo. Tena hawakujificha: palikuwa na dada mmoja, Samantha Juste, ambaye kazi yake mbele ya kamera ilikuwa kuweka santuri kwenye mashine. Santuri inazunguka, bendi inaigiza, nchi nzima inashangilia.

Haukuwa uvivu mtupu. Mafundi sauti wa televisheni walizoea okestra na waimbaji waliosimama kwa adabu mbele ya maiki. Ghafla wanaletewa vijana wanne na amplifaya, halafu mbele yao wasichana wanaopiga mayowe mpaka mpiga ngoma hajui mwenzake yuko ubeti gani. Spika za kujisikilizia jukwaani hazikuwepo. Kampuni ya santuri nayo ilitaka umsikie msanii vilevile utakavyomsikia ukishanunua.

Kilichovunja mazoea hayo ni Ready Steady Go!, nacho pia hakikuanza kitakatifu. Kilianza Agosti 1963, Ijumaa jioni, na mtangazaji aliyekipa sura, Cathy McGowan, alikuwa binti wa rika la watazamaji wake. Mwanzoni wasanii walifuata santuri kama kwingine. Aprili 1965 ndipo kilipogeuzwa kuwa cha laivu kweli, na kwa muda kikaitwa Ready Steady Goes Live! ili hata mzembe aelewe. Desemba 1966 kikafungwa.

Sasa piga hesabu: ni miezi ishirini hivi. Ukiongeza vipindi vya hapa na pale, ile “zamani” mnayoililia wote ndiyo hiyo. Wasanii wako wa leo hawajavunja mila yoyote, wameirithi. Mimi pleibeki ya televisheni naivumilia. Pleibeki kwenye tamasha ambalo mtu amelipa kiingilio ni wizi, na promota anayeiruhusu ni mshirika.

Nitajuaje kama video ninayoiangalia ni laivu au pleibeki? (Dodoma)

Swali zuri, hatimaye.

Angalia mwisho wa wimbo kwanza. Santuri nyingi za wakati ule sauti ilikuwa inafifia taratibu mpaka inakata. Bendi iliyo hai haifanyi hivyo, inamaliza kwa kishindo au kwa kukosea. Ukiona wimbo unazimika huku mwimbaji bado anachezesha mdomo na mpiga ngoma anazidi kupiga, umeshapata jibu. Kisha fuata waya wa gitaa kwa macho: unakwenda wapi? Mara nyingi hauendi popote, kwa sababu haupo. Tazama matoazi: fimbo inashuka, sahani inatikisika, sauti yake husikii. Na sikiliza sauti ya mwimbaji: ikiwa mtu mmoja anaimba lakini unasikia koo zake mbili zimepandana, hiyo ni kazi ya studio.

Kuna na pleibeki ya kati, ambayo huwanasa hata wajuzi. Mwaka 1966 chama cha wanamuziki cha Uingereza kilipoibana pleibeki, bendi zilitakiwa zirekodi muziki upya kwa ajili ya Top of the Pops badala ya kufuata santuri. Waliokuwepo wamesimulia sana mchezo uliofuata: saa zinakwisha, meneja wa bendi anamtoa msimamizi wa chama kwenda kunywa kidogo, akirudi kanda “mpya” iko tayari, na inafanana ajabu na santuri. Usimdharau meneja.

Naomba video ya rangi ya The Beatles wakipiga BBC 1964, ile yenye picha safi. (Msomaji, hakusema yuko wapi)

Haipo, na atakayekutumia amekutumia kazi ya kompyuta.

Televisheni ya rangi Uingereza ilianza BBC2 tarehe 1 Julai 1967, kwa mechi za Wimbledon. BBC1 na ITV zilisubiri hadi tarehe 15 Novemba 1969, wakati The Beatles wameshamaliza hata kurekodi albamu yao ya Abbey Road. Rangi halisi ya 1963 unaweza kuipata kwenye filamu za majumba ya sinema: Pathé, kampuni ya filamu za habari, waliwapiga picha The Beatles jukwaani Manchester, Novemba mwaka huo, kwa rangi. Hiyo ni sinema, si televisheni. Hizi za “BBC 1964 rangi kamili” zimepakwa na programu inayokisia koti lilikuwa na rangi gani, na mara nyingi sauti nayo imebadilishwa ikawekwa ile safi ya santuri. Yaani wanachukua kitu kichache kilichokuwa laivu, wanakigeuza pleibeki miaka sitini baadaye! Msizisambaze. Wajukuu wenu watadhani ndivyo ilivyokuwa.

Kwa nini BBC wanatubania? Waachie vipindi vyote vya Top of the Pops vya miaka ya sitini, wamekalia hazina. (Nairobi, Tanga, Bujumbura, Toronto, na wengine)

Hili ndilo swali ninalolijibu mpaka kidole kinaniuma. Hawajabana. HAWANA. Walifuta.

Kanda za video za wakati huo zilikuwa pana inchi mbili, nzito na ghali, na uzuri wake machoni pa mhasibu ni kwamba zilifutika zikatumika tena. Kipindi cha pop kilihesabiwa kama gazeti la jana. Mikataba ya waigizaji na wanamuziki iliweka mipaka kwenye marudio, kwa hiyo kanda iliyokwisha kazi ilikuwa mzigo rafuni. Leo inarekodi pop, kesho inarekodiwa juu yake kitu kingine. Utaratibu wa kuhifadhi kwa makini ulikuja 1978, maji yameshamwagika. Vipindi kamili vya Top of the Pops vya miaka ya sitini vilivyobaki ni vichache mno. Ready Steady Go! nayo imebaki vipande.

Mfano unaouma zaidi: tarehe 16 Juni 1966 The Beatles walikwenda wenyewe studio za Top of the Pops, mara yao pekee kwenye kipindi kile bila kutanguliza rekodi, wakafanya “Paperback Writer” na “Rain”. BBC haikubakiza hata picha moja ya kanda ile. Mwaka 2019 zikajitokeza sekunde 11, bila sauti, kwa sababu kuna familia iliyoelekeza kamera yake ndogo ya filamu kwenye kioo cha televisheni sebuleni. Sekunde 11! Na ile ya 1965 ya “Ticket to Ride” tunayo kipande kwa sababu Doctor Who, kipindi cha hadithi za kusafiri kwenye wakati, kilikiazima kwa mzaha: wahusika wanatazama mashine ya kuona yaliyopita, wanawaona The Beatles. Tamthilia ya watoto ndiyo iliyotunza, hifadhi rasmi haikutunza.

Kabla hatujawacheka Waingereza: kanda za vituo vyetu ziko wapi? Taarab zilizorekodiwa, bendi za dansi zilizopita studio, ngoma za sherehe za uhuru? Nani anazo, na ziko katika hali gani? Wanaopiga kelele kuhusu BBC wangeelekeza robo ya kelele hizo nyumbani.

Beatles au Rolling Stones? (Arusha)

The Kinks.

Baba yangu anasema akiwa kijana Dar es Salaam mwaka 1965 alikuwa akitazama Ready Steady Go! kila wiki. Rafiki zangu wananicheka. (Dar es Salaam)

Wana haki, ila wakucheke kwa upole. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Angekuwa Nairobi ningempa nafasi ya kujitetea, maana Kenya ilianza matangazo ya televisheni 1962. Dar mzee alikuwa na redio, santuri za ndugu waliorudi kutoka masomoni, na majumba ya sinema. Kumbukumbu huvichanganya. Mheshimu, usimbishie mbele za watu, na muulize taratibu alikuwa amekaa wapi wakati anatazama. Akikuambia kulikuwa na bisi na watu wanapiga miluzi, ilikuwa sinema.

Je, Freddie Mercury, mtoto wetu wa Unguja, alipiga kwenye vipindi hivyo vya sitini? (Zanzibar)

Hapana. Alizaliwa Unguja 1946, familia ikahamia Uingereza 1964 yeye akiwa na miaka 17, lakini bendi yake, Queen, imeundwa 1970. Kwenye Top of the Pops waliingia Februari 1974 na “Seven Seas of Rhye”, na samahani kwa mashabiki, ilikuwa pleibeki. Jifarijini na hili: Unguja ilianza televisheni ya rangi 1973. Mlikuwa na rangi kabla Queen hawajafika Top of the Pops.

Ukilazimishwa kuchagua onyesho moja tu la laivu lililobaki, lipi? (Msomaji, Muscat)

Tarehe 4 Januari 1969, BBC, kipindi cha mwanadada Lulu, mwimbaji wa Uingereza. Mgeni ni Jimi Hendrix na bendi yake. Najua Hendrix ni Mmarekani, msiandike barua. Aliyemleta London 1966 ni Chas Chandler wa The Animals, bendi iliundwa London, na wenzake wawili, Noel Redding wa besi na Mitch Mitchell wa ngoma, ni Waingereza.

Kipindi kinakwenda hewani moja kwa moja. Wanapiga “Voodoo Child”. Lulu anatangaza kwamba sasa watapiga “Hey Joe”, wimbo uliowatoa. Hendrix anaanza, gitaa limelegea, anakaza uzi katikati ya kuimba bila kusimama, uso unasema huu wimbo umemchosha. Kisha anakata. Katikati! Anasema kwa maneno yake kwamba wataacha upuuzi huu na kuwapa heshima Cream, bendi iliyokuwa imevunjika wiki chache tu kabla. Hapo hapo wanatumbukia kwenye “Sunshine of Your Love”, bila kuimba, gitaa ndilo linaloimba. Muda wa kipindi unakwisha. Nyuma ya kamera watu wanapunga mikono. Yeye anatabasamu na kusema kwamba wanatolewa hewani, na anaendelea kupiga.

Tazama uso wa Mitchell. Hajui wimbo unakwenda wapi wala utaishia lini, anamtazama Hendrix kama dereva anayefuata gari la mbele kwenye ukungu. Hicho ndicho pleibeki haiwezi kukupa: mtu ambaye hajui sekunde inayofuata.

Kwa waliotaka la pili: Ready Steady Go! ya Septemba 1966, Otis Redding, mwimbaji wa soul wa Marekani, akiwa na Eric Burdon na Chris Farlowe. Waingereza wawili wamesimama na bwana mkubwa, wanatoka jasho kuliko yeye.

Ile ya satelaiti, “All You Need Is Love”, ni laivu asilimia mia? (Kampala)

Nusu kwa nusu. Tarehe 25 Juni 1967, kipindi cha Our World, kikirushwa nchi nyingi kwa pamoja. Msingi wa muziki The Beatles walishaurekodi siku za nyuma na ukachezwa kwenye kanda. Juu yake sauti, okestra na gitaa la George Harrison vilikuwa vya papo hapo. Mtazame John Lennon anavyotafuna bigijii kabla ya kuimba. Si tabia ya mtu aliyetulia.

Marehemu mjomba alifanya kazi kituo cha televisheni. Tumekuta makopo ya filamu stoo, mengine yameandikwa herufi za Kiingereza zilizofifia. Tuna projekta ya zamani, tuyacheze? (Nairobi)

USIYACHEZE. Projekta ya zamani itaichana filamu kavu mita kwa mita huku mnapiga makofi.

Sikiliza kwa nini nimeacha kila kitu nikujibu wewe. BBC ilipouza vipindi nje, ilivinakili kwenye filamu za milimita 16 na kuzituma kwenye vituo vya nchi mbalimbali, Afrika ikiwemo. London wakafuta zao, nakala zikabaki stoo za watu. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa vya Doctor Who vilivyodhaniwa vimepotea vimepatikana Jos, Nigeria, kwenye stoo ya kituo cha televisheni. Sisemi na wewe unavyo. Huenda ni matangazo ya mbolea, na hayo pia ni historia.

Fungua kopo moja nje, penye hewa. Likinuka siki, filamu imeanza kuoza: litenge na mengine. Yaweke yamelala, pakavu, mbali na bati la paa. Usikate wala usiifute kwa kitambaa chenye maji. Piga picha lebo zote, pande zote mbili za kopo. Halafu tafuta hifadhi yenye skana ya filamu, na mkubaliane kwa maandishi nani mwenye mali kabla kopo halijatoka mlangoni. Na kama moja ya lebo hizo ina herufi B, B na C, nitumie picha kabla hujaiweka kwenye grupu la WhatsApp la familia.