"Utafiti Umeshindwa Kurudiwa" au "Matokeo Hayakujirudia"?

Swali: Ninahakiki makala ya jarida la saikolojia. Hoja yake kuu inategemea jaribio ambalo watafiti wengine walilifanya tena bila kupata matokeo ya awali. Je, katika ripoti yangu niandike kwamba utafiti huo "umeshindwa kurudiwa"?

Jibu: Nakushauri usiandike hivyo. Kitenzi "kurudiwa" kinahusu tendo la kufanya jaribio upya, wala si kile kilichopatikana, kwa hiyo msomaji ana haki ya kuelewa kwamba kazi hiyo haikufanyika, labda kwa kukosa fedha au washiriki, ilhali unachokusudia ni kwamba ilifanyika hadi mwisho na ikaleta jibu tofauti. Andika "jaribio lilirudiwa, lakini matokeo ya awali hayakupatikana tena", au kwa ufupi, "matokeo hayakujirudia".

Tofauti hii ina uzito. Mwaka 2011 Daryl Bem wa Chuo Kikuu cha Cornell alichapisha majaribio 9, mojawapo likidai kwamba watu hukumbuka vizuri zaidi maneno ambayo watayafanyia mazoezi baada ya kupimwa. Stuart Ritchie, Richard Wiseman na Christopher French walilirudia jaribio hilo mara 3 bila kuona athari hiyo. Jarida lililochapisha kazi ya Bem liliikataa makala yao kwa kuwa halikuwa likichapisha marudio, nayo ikatoka mwaka 2012 katika jarida jingine, PLoS ONE. Ukisema kazi ya Bem "ilishindwa kurudiwa", unaifuta kwa maneno kazi ya watu hao watatu, na kazi ya aina hiyo imekwisha kupuuzwa vya kutosha.

Uepuke pia "umekanushwa" na "umebatilishwa". Jaribio moja lisilojirudia hupunguza imani yetu katika dai; kulibatilisha ni hukumu nzito zaidi, na mhakiki anayeitoa hana budi kueleza sampuli ilikuwa na ukubwa gani na utaratibu ulifanana kwa kiasi gani na ule wa kwanza.

Mwisho, chagua wakati wa kitenzi kwa uangalifu. "Hayakujirudia" hutaja tukio mahususi, kwa hiyo litaje: katika jaribio lipi, la nani. "Hayajajirudia" husema kwamba hadi leo hakuna aliyeyapata tena, na huwezi kuliandika kabla ya kuyasoma marudio yote yaliyochapishwa.