Antena za kutafutia chanzo cha kelele: duara moja halitoshi

Ndugu mmoja ameuliza kama antena tano zilizopangwa kwa duara moja zinaweza kumwonyesha kelele za redio zinatoka upande gani, kuanzia megahezi 30 hadi 900, maana kipokezi chake kinafika huko kote. Hapana. Kipokezi chake hakina tatizo; kinachokataa ni nafasi kati ya antena na antena.

Mtambo huu wa antena za duara unalinganisha fezi, yaani wimbi limefika hatua gani ya mzunguko wake linapogusa kila antena; mzunguko mzima ni digrii 360. Wimbi linafika antena hii kabla ya ile, na tofauti hiyo ndiyo inayotoa mwelekeo. Antena jirani zikiachana zaidi ya nusu ya urefu wa wimbi, tofauti moja ya fezi inaweza kumaanisha pande mbili, ukajikuta unaelekea mtaa wa Katuba na chanzo kiko mtaa wa Ruashi. Zikibanana mno nako ni shida. Chukua antena mbili zilizoachana sehemu moja ya ishirini ya wimbi: fezi zao haziwezi kupishana zaidi ya digrii 18, kwa hiyo ukikosea fezi kwa digrii 5 tu, mwelekeo unapotoka kwa digrii kama 16. Ziachanishe kwa 0.45 ya wimbi, na kosa lilelile halifiki hata digrii 2.

Na megahezi zikipanda, wimbi linafupika, kwa hiyo nafasi moja haifai kote. Ndiyo maana mimi hapa Lubumbashi nafunga duara tatu za antena tano tano kwenye mlingoti mmoja. La megahezi 30 hadi 100 lina nusu kipenyo cha mita 1.15, la 100 hadi 300 sentimita 38, la 300 hadi 900 sentimita 13. Dogo linakaa juu kabisa. Mlingoti lazima upite katikati kabisa: ni chuma, unayagusa mawimbi, lakini ukiwa katikati unazigusa antena zote sawasawa.

Kebo ndizo zinazoharibu kazi za watu wengi. Ndani ya RG-58, kebo ya kawaida ya antena, wimbi linakwenda kwa theluthi mbili hivi za mwendo wake hewani, kwa hiyo kwenye megahezi 300 sentimita moja ya kebo ni digrii 5 na nusu za fezi. Kwenye 900 ni zaidi ya 16. Kata kebo zote tano kutoka roli moja, zipime pamoja baada ya kufunga vichwa vya kuchomekea, siyo kabla. Na usizipitishe nusu juani, nusu kivulini chini ya bati, joto linazibadilisha.

Mtu atauliza, kwa nini upana wote huo? Kwa sababu ya cheche za umeme. Kikombe kilichopasuka juu ya nguzo, yaani kile cha kauri kinachotenga waya na nguzo, kinatoa kelele kwenye megahezi zote, lakini za megahezi za chini zinasikika mbali na za juu zinasikika karibu tu. Hivyo ndivyo nilivyokifuata kikombe kimoja Kamalondo: duara kubwa lilinipa upande, nikasogea, nikahamia la kati, na la sentimita 13 likanionyesha nguzo yenyewe kati ya nguzo za mtaa mzima. Usiamini kipimo cha sehemu moja. Mapaa ya mabati yanarudisha mawimbi, kwa hiyo pima kutoka sehemu tatu, uchore mistari kwenye ramani.

Ndugu, ukishapanga vipimo vyako vitume hapa kabla hujakata bomba za kufungia antena, tuviangalie pamoja.