Usikisugue, kipasue
Dada, umeuliza kwa nini kipande chako cha chumvi ya mawe kinabaki na mikwaruzo hata ukikisugua kwa msasa laini. Acha msasa, kipasue! Chumvi ikigongwa hupasuka yenyewe kufuata matabaka ya atomu zake, yaani pande za mchemraba. Simamisha wembe mpya, ule mgumu wenye makali upande mmoja, sambamba kabisa na upande wa kipande, kisha gonga mgongo wake kwa nyundo ndogo. Pigo moja, fupi. Ukidonoadonoa utapata uso wenye vingazi, yaani vidato vidogo, na vumbi. Uso mpya hung'aa kama kioo; usiuguse wala kuupumulia, unyevu huanza kuuyeyusha. Ulanga (mika, madini ya matabaka membamba) ndio rahisi zaidi kupasua: bandika selotepu, bandua, basi.