Wahamiaji na wenyeji: anzeni na kazi, si sherehe

Ndugu, umesema hafla yenu ya kuwakaribisha wahamiaji ilijaa watu, lakini wageni walikaa upande wao, wenyeji upande wao, kisha kila mtu akaenda zake. Usikate tamaa. Kukaa ukumbi mmoja peke yake hakutoshi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza kwamba kukutana hupunguza chuki pale pande zote zinapokuwa na hadhi sawa, lengo moja, ushirikiano wa kulifikia, na wenye mamlaka wakiunga mkono.

Kwa hiyo tafuteni kero inayowagusa wote, kama mtaro ulioziba au watoto kukosa pa kuchezea. Gaweni kazi wawili wawili, mgeni na mwenyeji. Anayejaza koleo na anayesukuma toroli watazungumza tu, hata kama lugha ni ya kuokoteza. Hapa nasisitiza sana: mhamiaji asiwe mtu wa kusaidiwa kila siku. Mpeni funguo za ukumbi, daftari la mahudhurio, hata uenyekiti wa kikao. Mwenyeji naye kodi ya nyumba inapopanda inamuumiza; msikilizeni kabla ya kumwita mbaguzi.

Mkalimani ni lazima, ila msiwabebeshe watoto kazi hiyo kwenye mambo mazito ya wazazi wao. Vikao vizingatie wanaofanya kazi za zamu, na awepo wa kuangalia watoto. Mkishapata kikundi kidogo kinachorudi kila wiki, nendeni halmashauri ya jiji mkaombe ukumbi wa kudumu.