Fundi wa Gemu Anajibu: Roadster yangu ina turbo, mbona kila kona inanigeuka?

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na gari ndogo, hizi nyepesi nyepesi za viti viwili, na nimefurahi sana manake mimi ndizo nnazozipenda kuliko kitu chochote kwenye Gran Turismo, ile gemu ya mbio za magari, tangu ile ya kwanza ya 1997. Nimechagua nne. Ya kwanza ntaijibu kwa urefu kwa sababu wengi mna tatizo hilohilo ila hamjaliandika.

Salaam kaka. Niko Kisauni, nacheza Gran Turismo 7 kwa PS4 ya kakangu. Nimechukua ile Eunos Roadster ya 1989 nikaitia kila kitu cha injini, turbo ya RPM za juu, egzosti, kompyuta, mpaka pesa zikaisha. Kwenye njia iliyonyooka inapaa, lakini nikitoka kona tu mkia unakuja mbele najikuta natazama nilikotoka. Jamaa yangu ana Roadster hiohio injini hajaigusa na pale kwenye uwanja wa Tsukuba ananipita kila raundi. Nimekosea wapi?

Waaleikum salaam mdogo wangu. Turbo, egzosti na kompyuta ulivyonunua unaweza kuvitoa na kuvirudisha, kwa hivyo pesa ya hivyo haijapotea. Ulichokosea ni mpangilio, umeanza na kitu cha mwisho.

Hebu tuitazame gari yenyewe kwanza. Mazda walipoitoa 1989 waliipa injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi karibu 120 tu, na gari zima kilo 940 hivi. Injini iko mbele lakini wameisukuma nyuma kidogo, nguvu inaenda tairi za nyuma, na uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu. Yani kila tairi inabeba kama kilo 235, watu wazima watatu wenye miili. Huo ndo utajiri wake wote. Gari hii haikuundwa ishinde kwenye njia iliyonyooka, imeundwa iingie kona wakati wenzake bado wanakanyaga breki.

Sasa wewe umeitia turbo ya RPM za juu, yani inayoamka injini ikishazunguka kwa kasi sana. Turbo hio chini imelala kabisa, unakanyaga mafuta husikii kitu, unaongeza, bado, afu RPM zikifika juu nguvu yote inashuka kwa mpigo na saa hio usukani bado umeukunja. Tairi mdogo wangu ni kama mtu mwenye shilingi mia mfukoni, zilezile ndo za kukata kona na zilezile ndo za kusukuma gari mbele, ukizimaliza nyingi kwenye kukata kona ya kusukumia itatoka wapi? Tairi za nyuma zinaachia, mkia unatoka, basi. Jamaa yako anakupita kwa sababu yeye katikati ya kona ana spidi zaidi yako, na spidi ile anatoka nayo bila kuinunua tena. Pale Tsukuba njia nzima ni mita 2,045 na kona ni nyingi, halafu ile ya mwisho ya mkono wa kulia ni ndefu, unaikunja unaikunja na haiishi. Anayeitoka vizuri ile amekuacha kwenye njia ya mbele ya jukwaa yote.

Fanya hivi. Toa turbo. Rudisha na kompyuta ilivyokuja, acha egzosti ukitaka. Pesa ya kwanza utakayopata nunua tairi, toka kwenye Komfoti za kawaida nenda za Spoti zinazoshika zaidi, usirukie za Resingi za mbio bado, manake tairi zinapandisha PP, zile alama za gemu za kupima uwezo wa gari, na mashindano mengi yana kikomo cha PP, utajikuta huruhusiwi kuingia. Na tena tairi yenye kushika sana inakuficha makosa yako.

Pesa ya pili, punguza uzito. Hapa ndo watu hawaamini. Ukiitoa Roadster kilo 940 ukaifikisha kilo 800, hujaongeza hata farasi mmoja lakini inatoka mbio zaidi, inasimama mapema zaidi na inakata kona bila kulalamika, yote matatu kwa pamoja. Injini inakupa moja tu kati ya hayo. Waingereza wa Lotus waliishi kwa fikra hii tangu siku za Colin Chapman aliyeianzisha, na Elise yao ya 1996 ilikuwa kilo 700 na ushee, injini ya 1.8 yenye farasi chini ya 120, na gari kubwa kubwa zilikuwa zikiiogopa kwenye njia ya kona.

Ukishapunguza uzito utakuta sehemu ya kuongeza balasti, yani uzito wa ziada, na utashangaa, nimetoa kilo kwa pesa halafu niongeze tena? Ngoja nikwambie nilichokiona Kongowea. Kuna muuza maji hupita na mkokoteni, mitungi ya lita 20 imepangwa safu mbili, na nilimtazama akiupanga. Alipomaliza akainua mishikio, ikamvuta juu, nyuma kumezidi. Akashuka akatoa mtungi mmoja wa nyuma akauweka karibu na yeye, akainua tena, safari hii ikawa nzito mikononi, akausogeza shubiri moja tu kurudi nyuma, akaondoka zake kwa vidole. Mzigo ni uleule, kilo ni zilezile. Balasti kazi yake ni hio, huiwekei ili gari iwe nzito, unaiweka kidogo sana halafu unaisogeza mbele au nyuma mpaka mkokoteni ukae. Kwa Roadster mara nyingi huhitaji hata kidogo kwa sababu imezaliwa imekaa, lakini ukija kubadilisha gari utalikumbuka.

Pesa ya tatu ni difu, kile kinachogawa nguvu kati ya tairi mbili za nyuma, na uchukue ile ya kurekebisha kila kitu. Ina namba tatu, ya kuanzia, ya wakati wa kukanyaga mafuta na ya wakati wa kuachia na kufunga breki. Ile ya mafuta ikiwa juu sana tairi mbili za nyuma zinafungwa pamoja, ikiteleza moja zinateleza zote na mkia unaondoka. Ikiwa chini sana tairi ya ndani inazunguka bure hewani na gari haiendi. Mimi kwa gari nyepesi ya kuvuta nyuma huanza kwenye 20 hivi, napiga raundi tano, napanda mbili mbili mpaka nisikie inaanza kusukuma pua nje, narudi moja. Na traction control, ile inayozuia tairi kuteleza ukikanyaga mafuta, usione haya, iweke 1 mpaka kidole kizoee halafu uitoe.

Nguvu ndo iwe ya mwisho, na ukiifikia chukua turbo ya RPM za chini, ile inaamka mapema na inapanda pole pole, kidole chako kinaifuata. Ukizidi PP ya mashindano kuna kizuizi cha nguvu, punguza nguvu kwacho mpaka uingie. Kitu kimoja kwa wakati tafadhali, na daftari pembeni. Mimi kuna wakati nilibadilisha springi, difu na tairi kwa pamoja, gari ikawa tamu ajabu, stima ikapotea kabla sijasevu na mpaka leo sijui ni kipi kati ya vile vitatu kilichofanya kazi.

Habari kaka. Mimi ni dada wa Mikindani, gereji naijua manake baba ni mekanika. Kwenye springi za gemu wameandika Hz badala ya ugumu wa springi. Hz si ya redio? Na niiweke ngapi kwa Roadster?

Dada, swali lako limenifurahisha kuliko yote, na jibu lake baba yako analifanya kila siku. Akitaka kujua shoki zimekufa si anaenda pale mbele anakandamiza boneti kwa mikono miwili halafu anaachia? Ikipanda mara moja ikatulia, shoki nzima. Ikirukaruka, shoki zimekwisha. Ule mruko ndo Hz, ni mara ngapi gari ingepanda na kushuka kwa sekunde moja juu ya springi zake kama shoki zisingekuwepo. Redio nayo inahesabu mitetemo kwa sekunde, ni kipimo kilekile.

Gemu za zamani za mfululizo huu zilikuwa zinapima springi kwa kilo kwa kila milimita, na shida yake ilikuwa springi nzuri ya gari ya kilo 1,500 ukiipeleka kwa Roadster inakuwa mawe. Hz imeshahesabu uzito ndani yake, ndo mana unaweza kulinganisha gari na gari. Ila kuna mtego hapa na wengi wananaswa, Hz haipandi sawa na ugumu. Ukitoka 1.5 ukaenda 3 unadhani umefanya springi ngumu mara mbili, kumbe umezifanya ngumu mara nne. Kwa hivyo ile hatua ndogo ya 0.1 si ndogo unavyoiona. Na ukipunguza uzito springi zikibaki zilezile Hz inapanda yenyewe, ile Roadster ya kilo 940 yenye 1.6 ukiifikisha kilo 800 iko kwenye 1.7 na zaidi bila wewe kugusa spana.

Namba ya kuanzia, kwa Roadster yenye tairi za Spoti isiyo na mabawa mimi huweka karibu 2 mbele na nyuma chini yake kidogo, afu nasikiliza. Ikikataa kuingia kona, pua inakwenda moja kwa moja, nalegeza mbele au nalegeza stabilaiza ya mbele, kile chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona. Mkia ukiwa mwepesi mno, nalegeza nyuma. Gari usiishushe mpaka chini kabisa kwa sababu inapendeza kwa picha, springi zinahitaji nafasi ya kukaa, na ukingo wa Tsukuba ukiupanda na gari iliyogusa chini itakurusha. Kemba, yani tairi kulala kwa ndani juu yake, nyuzi mbili mbele na moja na nusu nyuma inatosha kwa tairi hizo. Ukizidisha, kwenye kona utaona raha lakini kwenye breki tairi inasimama kwa ukingo wake wa ndani tu na gari haisimami.

Na mwite baba siku moja acheze, wallahi atakufundisha kitu.

Niko Likoni. Nina Alpine A110 ya 2017, nayo ni nyepesi kama ulivyosema, lakini shida yangu si kutoka kona, ni kuingia. Nikiachia mafuta na kufunga breki inageuka yenyewe kabla sijakata usukani.

Nyepesi ndio, kilo 1,100 hivi na farasi 252, lakini ile ni ya Wafaransa na injini imekaa nyuma ya kiti chako, si mbele kama Roadster. Ukiachia mafuta uzito unakimbilia mbele, nyuma kunabaki kwepesi, na kile chuma kizito cha nyuma kikishaanza kuzunguka hakirudi. Wewe wa Likoni umeona tuktuk inavyoteremka kwenda feri na watu watatu nyuma, dereva akifunga breki ghafla huku anakunja, abiria wote wanasikia nyuma inataka kumpita. Ni hilohilo.

Panga mambo mawili. Breki, sogeza mizani kuelekea mbele, yani tairi za mbele zifunge zaidi, hatua moja halafu ujaribu, halafu ya pili. Difu, ile namba ya kuachia na kufunga breki ipandishe, ikifungika kidogo inaishika nyuma isizunguke. Zaidi ya hapo ni mguu, au kidole kwa upande wako. Maliza kufunga breki gari ikiwa imenyooka, achia breki pole pole huku unakunja, na usiachie mafuta yote kwa mara moja ukiwa ndani ya kona, bakisha kidogo ili nyuma kubaki na uzito. Ukilizoea hilo Alpine ni gari tamu mno, inajikunja kama samaki.

Je ni lazima ninunue usukani, au pedi inatosha kwa gari hizi?

Pedi inatosha. Gari nyepesi haihitaji kupambana nayo, inahitaji kidole cha pole kwenye R2, kile kitufe cha mafuta. Fanya zoezi hili, ingia Tsukuba na Roadster isiyoguswa, traction control 0, na kila ukitoka kona hesabu moja, mbili, tatu kimoyomoyo huku unakandamiza R2 kutoka bure mpaka mwisho, ifike mwisho kwenye tatu usukani ukiwa umenyooka. Raundi moja haifiki hata dakika moja na nusu, piga kumi. Halafu mkishatia difu ya kurekebisha niandikieni, wewe na yule wa Kisauni, mnitumie namba za difu mlizoishia nazo, nataka kuona ya nani imekwenda juu ya 20 na ya nani imeshuka.