Hana malaria ama malaria haijaonekana?

Swali: Habari mwalimu, mimi niko Ahero. Nilipeleka mtoto hospitali akiwa na joto jingi, akadungwa kidole, daktari akaangalia ile kidude akasema "mtoto hana malaria". Jamaa wa maabara akamrekebisha hapo hapo, "sema haijaonekana". Kwani si ni kitu kimoja? Alafu dadangu ameolewa Mwanza, yeye husema "amekutwa na malaria", sisi tunasema "amepatikana na". Nani ako sawa?

Jibu: Salama mama. Huyo jamaa wa maabara ningempa alama zote. "Hana malaria" ni habari ya mtoto, "haijaonekana" ni habari ya kipimo, na hizo ni habari mbili tofauti.

Hicho alichoangalia daktari ni kipimo cha haraka, na hakitafuti kimelea chenyewe, kinatafuta protini inaitwa HRP2, ambayo vimelea vya falciparum (aina ya vimelea vya malaria, hao ndo wamejaa huku kwetu) huiachilia kwenye damu, ikiwepo mstari wa pili unatokea. Sasa mwaka wa 2010 watafiti wakaripoti kutoka Peru kwamba kuna vimelea vimepoteza jeni ya kutengeneza hiyo protini (jeni, si jini), na baadaye vikapatikana Eritrea na Ethiopia, si mbali sana na sisi. Yaani mtu anaweza kuwa navyo damuni na kipimo kinyamaze tu. Hata vile vya kawaida, vikiwa vichache sana kipimo kinaweza kuvikosa.

Sasa angalia hiyo -ja-. Ukiuliza ugali ukaambiwa "haujaiva", unajua sufuria bado iko jikoni, ngoja kidogo. Ukiambiwa "haukuiva", hapo ushapakuliwa na wageni wanatazamana. "Haijaonekana" inaacha mlango wazi, joto likikataa kushuka mtoto arudishwe, damu iangaliwe kwa darubini. "Haikuonekana" nayo ni sawa kwa kuandika kwenye karatasi ya majibu, sababu inasema siku ile, kipimo kile. "Haionekani" mimi siipendi hapo, ni kama malaria imekuwa upepo.

Na kosa hili hugeuka pia upande ule mwingine. Kuna wakati nilimaliza vidonge vyangu vya malaria, vyote 24 vya siku tatu, baada ya kama wiki mbili nikashikwa na homa nyingine, nikaenda kupimwa kwa kliniki moja hapa Kisumu, mstari wa pili huo, nikaambiwa "mzee una malaria tena", nikaanzishiwa dawa upya. Kumbe hiyo HRP2 huweza kubaki damuni wiki kadhaa hata vimelea vikishakufa! Angesema "kipimo kimeonyesha malaria" labda ningeuliza kimeonyesha ya leo ama ile ya juzi. Lakini ameshasema "una", utabishana na "una" aje? Nikameza.

Hayo ya dadako ni rahisi. Kupatikana na malaria ni Kiswahili cha kwetu na kila mtu anaelewa, ingawa mimi masikio yangu husikia polisi, alipatikana na bangi, alipatikana na hatia. Kukutwa nayo ni vile vile, kama mtu alikuwa ameificha mfukoni. Ukiandika barua rasmi weka "amegunduliwa kuwa na malaria", ukipiga simu Mwanza kila mtu aseme yake.

Ila "ile kidude", mama, hapana. Kile kidude.